Tanga si ya waja leo waondoka leo: namna ya kuutembelea mji na kuisoma historia yake

Wageni wengi hushuka basi Tanga asubuhi, wakapanda bajaji mpaka Amboni, wakala samaki ufukweni, na jioni wakaondoka wakisema mji umepoa. Msemo wa "waja leo waondoka leo" unawafaa hao, lakini Tanga yenyewe haiwafai. Mji huu una watu karibu laki nne kwa sensa ya 2022, na historia yake haijawekewa vibao. Imo kwenye kuta, kwenye handaki la reli, kwenye makaburi ya matumbawe na kwenye mabaraza ya Ngamiani. Atakayeiona ni yule aliyejipangia.

Tenga siku tatu: ya kwanza mjini kwa miguu, ya pili kusini kwenye barabara ya Pangani, ya tatu kaskazini kwenye barabara ya Horohoro. Anza na mjini hata kama magofu ya kusini ndiyo makongwe zaidi, kwa sababu mjini ndiko utakakopata mwongozaji, utakakopanga mashua na utakakoona ramani na picha za zamani zitakazokufungua macho huko mbele.

Maandalizi ambayo hayana mbadala

Chagua kipindi cha Juni mpaka Septemba. Kati ya Machi na Mei masika hujaza mito ya Mkulumuzi na Sigi, njia ya Amboni huwa tope na mwamba wa pangoni huteleza. Desemba mpaka Februari inawezekana, ila joto litakulazimu kumaliza matembezi kabla ya saa nne na nusu asubuhi.

Tazama mwezi kabla ya kupanga safari ya maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kuelekea saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji hujaa katikati ya asubuhi. Ukikosea hili, mashua itakwama kwenye matope ya mikoko na utakaa humo saa kadhaa ukingoja maji yarudi.

Kwenye vivutio vya serikali malipo mara nyingi hupitia kontroli namba, si fedha mkononi. Weka salio la kutosha kwenye simu na uhakikishe ina chaji. Mtandao ukisumbua getini utapoteza nusu saa, kwa hiyo lipia kabla ya kuingia eneo lisilo na mawimbi mazuri. Fedha taslimu ibaki kwa ajili ya mwongozaji, bodaboda na wavuvi.

Kuhusu picha, bandari, hospitali, stesheni na kambi za vyombo vya usalama usizipige bila ruhusa, hata kama jengo lina umri wa zaidi ya miaka mia. Ingia ofisini, salimia, eleza shida yako. Mara nyingi utaruhusiwa kupiga upande wa nje. Ukikaidi, ataitwa mlinzi na siku itaishia hapo.

Baiskeli ndiyo chombo cha Tanga. Mji ni tambarare, barabara za katikati ni pana, na mafundi wako karibu kila kona. Kabla ya kukodi, kaza breki zote mbili kwa mkono na usukume. Gurudumu likizunguka, omba nyingine.

Siku ya kwanza: tembea kutoka Ras Kasone kuelekea mjini

Fika Ras Kasone saa moja asubuhi na utembee kuelekea magharibi mpaka kwenye reli, mwendo wa kama kilomita 3. Jua litakuwa mgongoni na kuta zinazoelekea mashariki zitakuwa na mwanga mzuri. Sababu kubwa zaidi ni kwamba njia hiyo ndiyo waliyoipita wanajeshi wa Uingereza na Uhindi mnamo Novemba 1914, na vita ile haieleweki kwa kusoma tu. Inaeleweka kwa miguu.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya HMS Fox iliingia ghubani na kuwataka Wajerumani wausalimishe mji. Hapo ndipo Waingereza walipopoteza nafasi ya kushtukiza. Muda ule wa kuzungumza na kutafuta mabomu ya baharini ulimtosha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Meja Jenerali Arthur Aitken alikuwa na watu kama 8,000, Wajerumani kama 1,000, na wengi wa hao 1,000 walikuwa askari Waafrika.

Simama Ras Kasone utazame genge linavyoshuka baharini. Watu waliokaa majuma kadhaa melini walipanda hapa usiku, na asubuhi ya tarehe 3 vikosi vya kwanza vilisogea mbele bila kupeleleza njia, vikarudishwa nyuma. Usiku uliofuata Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli akazunguka mji uliokuwa mtupu mpaka ufukweni ili ajionee mwenyewe. Tofauti ya majemadari hao wawili iko hapo: mmoja alipeleleza, mwingine hakupeleleza.

Ukiendelea mbele utakuta nyumba za watu. Wakati ule palikuwa mashamba ya mpira, mkonge na mahindi. Ni muhimu ulijue hili, kwa sababu leo mtu husimama kwenye barabara iliyonyooka akashangaa jeshi kubwa vile lilipoteaje kilomita 2 tu kutoka mjini. Ndani ya mashamba hayo askari hakumwona mwenzake aliye hatua 20 pembeni. Mchana wa tarehe 4 upande wa kulia wa Waingereza, karibu na bahari, ulifanikiwa kuvuka reli na kuingia mjini mpaka forodhani. Upande wa kushoto ulisambaratika chini ya bunduki za rasharasha, na pengo likafunguka katikati. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Utasimuliwa kwamba Wajerumani waliwafundisha nyuki hao kazi. Si kweli. Mizinga ilikuwa mitini na risasi zilipita humo.

Njiani pitia mbele ya jengo la kale la Hospitali ya Bombo, lililojengwa na Wajerumani ukingoni mwa genge. Litazame kutoka barabarani tu, kwani hospitali inafanya kazi. Angalia varanda zake pana zinavyoelekea baharini: zilijengwa kukamata upepo, enzi ambazo malaria ilikuwa ikiua Wazungu wengi kuliko vita.

Ukifika kwenye reli, simama tena. Handaki lililochimbwa ili treni ipite lilikuwa ngome tayari kwa aliyelitangulia, na mvamizi alilazimika kushuka na kupanda akiwa wazi. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakaacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000, silaha ambazo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu baadaye. Walioingia vitani upande wa Uingereza waliuawa 360 na kujeruhiwa 487. Mji waliutwaa Julai 1916.

Kuna makaburi ya pande zote mbili mjini. Yatafute yote mawili usiku haujafika. Kwenye ya Jumuiya ya Madola soma majina ya vikosi vya Uhindi taratibu. Kwenye ya Wajerumani uliza walipo askari Waafrika waliokufa siku ile. Vita hii husimuliwa sana kama mchuano wa maofisa wawili wa Ulaya, ilhali waliokufa wengi walikuwa Wahindi na Waafrika.

Katikati ya mji

Ingia kwanza makumbusho ya Urithi Tanga, kwenye boma la kale lililokarabatiwa. Ni madogo, saa moja inatosha, lakini picha zake za ukutani ndizo zitakazokusaidia alasiri nzima. Omba ruhusa ya kupiga chache kwa simu uende nazo mtaani.

Kutoka hapo nenda Bustani ya Jamhuri juu ya bandari, ulipo mnara wa saa wa Wajerumani, kisha stesheni. Reli ya Usambara ndiyo iliyoifanya Tanga mji wa kisasa. Ilianza kujengwa hapa 1893, ya kwanza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, kwa upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kampuni iliishiwa fedha baada ya kufika Muheza, kama kilomita 40 tu, na serikali ikaichukua 1899. Mombo ilifikiwa 1905 na Moshi 1911, jumla kilomita 352. Mwaka uleule wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, ikabaki hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katani iliyotoka kwenye miche hiyo ndiyo iliyolipa nyumba nyingi utakazoziona mjini.

Kuzisoma nyumba hizo, fuata mambo matatu. Pima unene wa ukuta kwenye fremu ya dirisha: ukizidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kwa kawaida ni mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya Wajerumani au ya kabla yao. Pili, inua macho kwenye kilele cha uso wa nyumba za maduka, kwani wafanyabiashara wa Kihindi walipenda kuandika mwaka na jina hapo, hasa kwenye nyumba za zama za Waingereza. Tatu, tazama plasta karibu na ardhi. Ikiwa imebanduka kwa vipande vikubwa na ndani kuna unga mweupe wa chumvi, ujue mtu aliziba ukuta wa chokaa kwa saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma yake, chumvi hukusanyika, na ukuta huoza ndani kwa ndani huku nje ukionekana umekarabatiwa. Majengo mengi ya pwani yameharibiwa hivi na watu wenye nia njema. Anayemiliki nyumba ya namna hii amtafute fundi anayejua kuzimua chokaa na kuiacha iive, si fundi wa haraka.

Maktaba iliyofunguliwa 1958, iliyopewa wakati ule jina la Mfalme George VI, ni ya mtindo mwingine kabisa, ina matao na ua wa ndani wenye kivuli. Kaa humo saa za joto kali.

Kisha vuka reli uingie Ngamiani. Mitaa yake imenyooka na kupewa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili na kuendelea. Mpangilio huo ni wa kikoloni. Wazungu upande wa bahari, maduka katikati, Waafrika ng'ambo ya reli. Reli ikawa mpaka wa watu. Lakini Ngamiani ndiyo iliyoipa Tanga sauti yake, kuanzia taarabu ya Black Star hadi dansi la Atomic Jazz. Tembea mtaa mmoja mzima bila haraka, kisha ule mihogo au mkate wa kumimina barazani.

Kuna jambo la Tanga ambalo halina jengo maarufu na msomaji wa Kiswahili asilipite. Shule ya serikali ya Wajerumani iliyoanzishwa hapa miaka ya 1890 ndiyo iliyotoa makarani na maakida waliokiandika Kiswahili kwenye ofisi za koloni zima, na hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1922 Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda hapa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, mojawapo ya mizizi ya vyama vilivyofuata Tanganyika. Mweleze mwongozaji wako mapema kwamba unataka habari hizi, maana wengi wamezoea kuwasimulia wageni vita na nyuki tu.

Siku ya pili: Machui na Tongoni

Barabara ya Pangani huanza kwa kupita Machui, kijiji cha Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani Januari 1909, akafa 1962, na kaburi lake liko huku. Halina geti wala tiketi, kwa hiyo utaratibu ni wa heshima: simama kijijini kwanza, uliza nyumba ya mwenyekiti au mzee aliye karibu, jitambulishe, ndipo uongozwe. Vaa mavazi ya kusitiri.

Tongoni iko kama kilomita 17 kutoka mjini. Daladala za Pangani hupita njia panda na kutoka hapo unatembea. Tatizo ni kurudi, kwa sababu magari ya alasiri hupita yamejaa. Kodi bodaboda au bajaji ya kwenda na kurudi, na mkubaliane kabisa muda wa kusubiri, saa mbili kamili, kabla hamjaondoka.

Utakachokuta ni gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 20 ya karne ya 14 na 15, mengi yakiwa ya nguzo, yaani yaliyojengewa nguzo ya mawe. Ukanda wote wa pwani hauna mahali pengine penye makaburi ya nguzo mengi namna hii pamoja. Nguzo karibu zote zimeanguka. Usiridhike kuzitazama kwa mbali. Chuchumaa kando ya mojawapo, bila kuigusa, utafute vishimo vya duara vyenye kina cha kiganja. Humo zilichomekwa bakuli za kauri zilizoletwa kwa majahazi kutoka mbali. Ukingoni mwa kishimo utaona chokaa bado imebeba alama ya duara ya kitako cha bakuli. Bakuli zenyewe ziling'olewa zamani. Kisha tazama pembe za paneli za kaburi zilivyonyooka. Fundi alichonga matumbawe yakiwa mabichi, yametoka baharini na bado laini, yakagandamana yalipokauka. Jiwe lililokwisha kukauka halichongeki vile.

Msikitini, chukua dira ya simu. Kwa mtu wa pwani hii Makka iko kaskazini, na ukuta wa kibla uko upande huo. Ukishaujua ukuta huo, sehemu nyingine za gofu hujipanga zenyewe.

Bahari ya mbele ya Tongoni ndiyo yenye mafungu ambako meli ya São Rafael ya Vasco da Gama ilikwama Aprili 1498. Januari 1499, wakirudi kutoka Uhindi na mabaharia wengi wamekufa, Wareno waliichoma papa hapa kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari hiyo hiyo sasa inakula ufuo. Usitembee ukingoni karibu na makaburi, kwani ardhi ni laini na kila kipande kinachomeguka hakirudi. Usikalie makaburi, usiokote vigae hata kimoja. Kigae kikitoka mahali pake hakimwambii tena mtaalamu kitu. Ukikuta kitambaa au sadaka, kiache, maana kuna watu wanaokuja hapa kwa nia zao.

Kisiwa cha Toten

Hiki kiko ndani ya ghuba, mbele ya mji, na watu walikaa huko mpaka mwishoni mwa karne ya 19 kabla ya kuhamia bara. Yamebaki magofu ya msikiti na makaburi katikati ya kichaka. Kwa mtu ambaye si mpenzi mkubwa wa magofu, Tongoni inatosha. Ukienda, nenda na mvuvi wakati maji yanajaa, vaa viatu vya kufungwa, beba panga au uende na mtu mwenye nalo, na mpatane saa ya kurudi kabla maji hayajaanza kutoka.

Siku ya tatu: Amboni

Mapango yako Kiomoni, kama kilomita 8 kutoka mjini, kwenye chokaa ya zama za Jurasi. Kuna mapango kumi na wageni huingizwa moja. Mwongozaji ni lazima, na ni sahihi iwe hivyo: ndani kuna njia panda, mashimo na sehemu za kupita kwa kuinama au kutambaa. Nenda na tochi ya kichwani, si mwanga wa simu, kwa sababu utahitaji mikono yote miwili. Raba zenye meno, suruali isiyo na thamani, maji lita moja. Mwenye pumu au anayeogopa sehemu finyu amwambie mwongozaji nje, siyo akiwa katikati.

Utasimuliwa kwamba pango linafika Kilimanjaro au Mombasa. Wataalamu walipoyapima 1994, refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Masimulizi ya Osale Otango, anayesimuliwa kuwa mpiganaji wa Mau Mau aliyejificha humu miaka ya 1950, yana watu wanaoyakumbuka na ni vyema kuyasikiliza kwa makini. Sehemu ya mizimu ina chupa, ubani na vitambaa. Usiguse, na uliza kwanza kama inafaa kupiga picha.

Panga kumaliza karibu na jua kuzama uwaone popo wakitoka. Dereva akubali kungoja, kwani giza likishaingia usafiri wa Kiomoni ni mgumu.

Kufuata picha za kale na kuwauliza wazee

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni picha za makoloni ya Ujerumani, na za Tanga zimo. Chagua tatu au nne zenye jengo ambalo bado lipo. Ukifika mahali, tafuta vitu viwili vinavyogusana kwenye picha, mfano pembe ya paa na mnara ulio nyuma yake. Sogea kushoto au kulia mpaka vigusane vilevile machoni pako, kisha mbele au nyuma mpaka ukubwa ufanane. Hapo ndipo aliposimama mtu wa kamera. Mambo yakigoma kabisa, huenda picha imechapwa kinyume, kosa la kawaida la picha za vioo. Tazama maandishi ya vibao au upande wa bahari.

Kwa wazee, nenda baada ya swala ya alasiri, barazani, na mtu anayefahamika mtaani. Shikamoo kwanza, kisha kaa, kisha habari za nyumbani. Usianze na mwaka. Uliza, "Mzee, hapa palipo duka palikuwa nini?" au "Bibi, harusi za hapa zilikuwa zikipigiwa muziki gani?" Miaka ipatikane kwa matukio: kabla ya uhuru, baada ya Azimio la Arusha, bei ya mkonge ilipoanguka. Jambo zito lisikilizwe kwa watu wawili wasio wa nyumba moja kabla ya kuliandika. Rekodi kwa ruhusa tu, na usiku uleule andika jina la mtaa, tarehe, na nani alikuwepo, maana sauti isiyo na maelezo hayo baada ya mwaka mmoja haitumiki tena.